Siku uliyotoka kwenda kuomba msaada, ulianzia wapi? Tupeane uzoefu

Mama Wawili (mleta uzi)
Habari za jioni wapendwa. Haipiti wiki bila dada mmoja anayeteswa nyumbani kunifuata pembeni na swali lile lile: "Shoga, nikitoka humu ndani naanzia wapi?" Njia ninayoijua mimi ni moja tu, niliyopita mwenyewe. Aliyepitia aseme alianzia wapi, nani alimpokea, wapi alikwama. Majina ya watu na ya vituo tusiyataje, na picha tusiweke. Humu wanasoma hata waliotupiga.

Naanza. Nimepigwa miaka sita. Nilikwenda kwa wifi, kwa mama mkwe, kwa mchungaji, na kila mara nilirudishwa nyumbani na doti ya kanga na neno "vumilia". Aliponivunja kidole nikaenda polisi. Pale kaunta, mbele ya watu, naulizwa: "Kwani umemfanya nini mumeo?" Nikageuka. Nimeshafika kijiwe cha bodaboda, mama muuza mihogo akaniangalia mkono, akasema, "Mwanangu, pale mbele usiseme kitu. Omba Dawati la Jinsia."

Nikarudi. Dawati, sehemu ya polisi inayoshughulikia ukatili, lilikuwa chumba cha nyuma, askari mwanamke, hana sare. Alifunga mlango kwanza, ndipo akaniuliza jina. Nililia kwa sababu ya ule mlango. Akaandika maelezo yangu, akanipa namba ya RB, yaani ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. PF3 hailipiwi, jamani. Daktari alipoijaza niliipiga picha kabla ya kuirudisha, na Mungu alinisaidia nikafanya hivyo, maana baadaye nikaambiwa faili halionekani.

Nuru ya Asubuhi
Pole sana dada. Yangu si ya mume, ni mtu niliyemwamini. Nilioga, nikafua zile nguo, nikakaa ndani siku nzima nikijiona mchafu. Kesho yake dada yangu akanishika mkono hadi hospitali ya mkoa. Kulikuwa na kituo cha Mkono kwa Mkono: daktari, polisi na ustawi wa jamii wote pamoja, kwa hiyo sikuhadithia mara tano kwenye milango mitano.

Nesi aliniambia kitu ambacho natamani kila binti akijue kabla hakijamfika. Dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI, PEP, zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Unazimeza siku 28 bila kuruka. Zilinichosha, nilitapika, lakini nilimaliza. Dawa ya kuzuia mimba nayo ipo, mwisho siku 5. Akasema ukiweza usioge, na nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki zinaoza na ushahidi unaharibika. Nikamwambia nimeshaoga na kufua. Akasema, "Hujakosea kitu. Umefika, tuanze."

Mwana wa Nairobi
Huku Kenya mimi nilipiga 1195, namba ya simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili. Haina malipo, wanashika usiku na mchana. Nilikuwa nimejifungia chooni na watoto, nanong'ona. Aliyeshika alinielekeza pa kutibiwa, na akanieleza kuhusu amri ya ulinzi, ambayo mahakama hutoa chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ukatili wa nyumbani. Chifu wetu alikuwa amenituma nyumbani nikaelewane na bwana. Hiyo amri ndiyo ilimtoa yeye kwa nyumba, mimi nikabaki.

Mama Shamba
Mimi nilikwama kwenye talaka. Mahakama kwa kawaida inataka baraza la usuluhishi liseme kwanza limeshindwa kuwapatanisha. Kwenye baraza la kata mzee mmoja akasema mume ana haki ya kumrudi mkewe. Mwanasheria wa msaada wa bure alikuwa ameniandalia jibu: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Nilikisoma kwa sauti huku karatasi inatetemeka. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, wanatoa msaada huo, ulizeni.

Mgeni 7
Mimi sina alama hata moja. Mshahara wangu anauchukua yeye, simu anaikagua, matusi mbele ya wanangu. Nitaonyesha nini huko Dawati?

Mama Wawili
Mdogo wangu, huo nao ni ukatili, Dawati na ustawi wa jamii wanaupokea. Andika tarehe na alichosema, daftari likae kwa mtu unayemwamini. Kwa mtu huyo upeleke pia, kidogo kidogo, kitambulisho chako cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa. Ukitoka navyo siku moja kwenye begi atajua. Na huu uzi ufute kwenye simu ukimaliza kusoma.

Mgeni 7
Jumatatu watoto wakiwa shule naweza. Naogopa kwenda peke yangu.

Nuru ya Asubuhi
Usiandike mtaa wako hapa. Nitumie pembeni. Nitakusindikiza, na nitakaa nje ya mlango mpaka utoke.