Nililazwa nikakosa UE mbili (mitihani ya mwisho wa muhula), nimefungua matokeo nakuta sapu (mtihani wa marudio). Naanzia wapi?

Mtoto wa Singida
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada wa haraka. Niko mwaka wa pili, wiki ya UE nilizidiwa usiku wa Jumatatu nikakimbizwa hospitali, taifodi na malaria kwa pamoja, dripu siku mbili tatu hivi, nikakosa pepa ya Jumanne na ya Alhamisi. Usiku uleule nilimtext CR (kiongozi wa darasa) akanijibu "usijali mwanangu nitamwambia ticha", mi nikajua imeisha hiyo. Nikamalizia pepa zilizobaki nikasepa nyumbani. Juzi matokeo yametoka, moja wameandika ABS (yaani sikuhudhuria), nyingine wamenipa sapu kabisa kama mtu aliyeingia akafeli! Koswaki (maksi za majaribio na kazi za muhula) ninayo nzuri tu, 31 kwa 40 na 28 kwa 40. Karatasi za hospitali ninazo ila barua sikuandika. CR nikimpigia hapokei. Nipiganie spesho (mtihani maalum wa aliyekosa kwa sababu ya msingi) au nikubali sapu yaishe, maana wengine wanasema ni mtihani uleule siku ileule?

Mzee wa Kerio
Pole mkuu. Mtihani ni uleule kweli, chumba kimoja, mnakaa mmechanganyika, tofauti iko kwenye maksi. Sapu vyuo vingi hapa Bongo hata upige 90 unaandikiwa C, na sehemu nyingi koswaki haihesabiwi. Spesho wanakuhesabia kama ndo mara ya kwanza, hiyo 31 yako inabaki, A unaitoa vizuri tu. A ni pointi 5, C ni 2, sasa zidisha hiyo tofauti kwa kredit (uzito) za kozi mbili uone GPA inavyoondoka. Usikubali kirahisi. Mi nilikubali mwaka wa kwanza kwa uvivu wa kuandika barua, nikaja kuijutia nikiwa wa tatu.

Binti Mchele
Kwani CR ndo senati, kile kikao kikuu cha chuo 😂 CR kazi yake kuprintisha handauti na kutuambia kipindi hakipo. Pole lakini

Mwalimu wa Nyanda za Juu
Nafundisha chuo, ngoja nikueleze upande wetu maana wanafunzi wengi hawaujui. Siku ya mtihani mnasaini karatasi ya mahudhurio, msimamizi anahesabu skripti (vijitabu vya majibu) zilingane na saini. Mimi nikiletewa skripti 143 na saini 143, wewe wa 144 sijui umelazwa, umefiwa au umepitiwa na usingizi. Hata CR aniambie, na hata nikikuonea huruma, mimi sina mamlaka ya kukupa spesho. Ombi linapita kwa HOD (mkuu wa idara), linaenda juu huko kwenye vikao vya mitihani, na vikao vinasoma karatasi tu.

Kwa hiyo andika barua leo, kwa mkuu wa kitivo kupitia HOD. Taja kozi na namba zake, tarehe na saa ya kila pepa, ambatanisha ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha) na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, na useme ukweli kwa nini umechelewa kuandika. Soma sheria za mitihani za chuo chako uone siku za kukata rufaa zimebaki ngapi, hapo ndo wengi wanapopotelea. Ipeleke masijala, kopi yako wagonge muhuri wa kupokelewa. Halafu muulize HOD kwa nini kozi mbili ulizokosa kwa sababu moja zimeandikwa tofauti, nahisi kuna mtu kaingiza sifuri badala ya kuacha wazi.

Na tafadhali asije mtu kukushauri ukatengeneze karatasi feki. Tuliwahi kuletewa ED ya daktari wa meno, mgonjwa anadai kuhara. Kumbe kijana alikuwa kafiwa na babu yake kweli, angesema tu angesikilizwa.

Otieno wa Kisumu
Huku Kenya pia sapu ukipita mara nyingi unaandikiwa 40 tu, special ndio unapata maksi zako zote. Lakini balaa letu ni maksi kupotea, umefanya pepa, umesaini, na kwa portal hakuna kitu. Mimi nilizungushwa ofisi hadi ofisi karibu mwaka mzima, kila mtu anasema hiyo si kazi yake. Piga picha kila karatasi kabla uipeane.

Mtoto wa Singida
Asanteni sana wakuu. Nimetoka masijala sasa hivi, mama wa pale dirishani kaniuliza kopi yako iko wapi, ikabidi nirudi steshenari mbio. Muhuri nimepata. Ila kuna kitu nimekigundua nikiwa kwenye foleni, karatasi ya hospitali inasema niliruhusiwa Jumatano jioni, na pepa ya pili ilikuwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Daktari alinipa ED ya siku tatu ila ilikuwa kikaratasi kidogo, nilikiacha kwenye mfuko wa jinzi, ikafuliwa.

Mwalimu wa Nyanda za Juu
Hapo watakubana, hiyo pepa ya pili ndo imebebwa na hicho kikaratasi. Rudi hospitali kesho, usiende kwa daktari, nenda dirisha la kumbukumbu na namba yako ya faili, ED huwa inaandikwa humo. Waombe nakala yenye muhuri, uipeleke masijala kama nyongeza ya barua yako ya leo. Na uendelee kusoma, kikao kisipokaa mapema unaweza kuambiwa majibu mtihani ukiwa umebaki siku mbili.

Mtoto wa Singida
Sawa mwalimu. Kesho asubuhi na mapema niko hospitali.