Treni ya Mount Gelai pale makumbusho ya reli Nairobi, ni injini moja au mbili?

Wakuu habari zenu. Niko Nairobi na mwanangu, jana nikampeleka makumbusho ya reli, tumezunguka weee mpaka tukafika kwenye lile dude la rangi ya damu ya mzee, namba 5918, ubavuni kibao kimeandikwa Mount Gelai. Nikashtuka, Gelai si mlima wa kwetu Arusha kule Ziwa Natron? Sasa dogo kaniuliza nikakosa jibu: magurudumu na pistoni ziko mbele, zingine nyuma, katikati boila limening'inia tu, ukiinama unaona mpaka upande wa pili. Ni treni mbili zimeungwa au?

fundi_reli
Mkuu hiyo ni Garratt, injini mbili boila moja. Aliyebuni ni Mwingereza Herbert Garratt, ya kwanza ikatengenezwa 1909 na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester ikaenda Tasmania. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1 tu, na kutoka Mombasa hadi Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600, kona kibao. Ukitaka nguvu unataka boila kubwa, na uzito wote ukiukalisha sehemu moja reli haihimili, ndo jamaa akaugawa mbele na nyuma, kwenye kona kila upande unajigeuza wenyewe. Na kwa vile chini ya boila hakuna gurudumu wakalinenepesha wanavyotaka, kipenyo chake ni zaidi ya mara 2 ya upana wa reli! Za aina hii, class 59 kama namba yake inavyoanza, zilitengenezwa 34, 1955 na 1956, kila moja tani 252. Kwa reli ya mita 1 hakuna ya mvuke iliyozizidi nguvu duniani.

mtu_wa_Moshi
Majina sasa: reli ilikuwa moja, Kenya, Uganda na Tanganyika, hizo class 59 zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kuna iliyoitwa Kilimanjaro, Meru, Elgon, Ruwenzori.

binti_Muthurwa
Mmenikumbusha marehemu baba, alikuwa msaidizi wa dereva kwenye hizo class 59. Hazikuchoma makaa, zilikuwa za mafuta mazito, akirudi shati lake mama analiloweka peke yake. Alikuwa akituambia moto si kazi, kazi ni maji, macho hayatoki kwenye kile kioo cha kuonyesha maji ya boila maana mkipanda mlima maji yanarudi nyuma, mkishuka yanakimbilia mbele, kioo kinakudanganya, na yakipungua juu ya kikasha cha moto boila linaweza kulipuka na nyinyi. Safari nzima hivyo, usiku kucha. Mpandishe mtoto chumba cha dereva akaone walipokuwa wanasimama.

muuliza swali
Asanteni sana, dada pole kwa mzee. Kesho asubuhi tunarudi pale, dogo hataki kusikia kingine, anataka kujua hicho kioo kinakaa wapi.