Goto kwenye mifumo ya faili: tuziondoe au tuziache?

Mwenye mada, Chake Chake
Assalaam alaykum wanajamvi. Kijana ninayemfundisha lugha ya C kafungua msimbo wa ext4, mfumo wa faili wa Linux, akacheka: "Maalim, ulitukataza goto, mbona humu zimejaa?" Goto ni amri ya kurukia sehemu nyingine ya funksheni. Nikamjibu mpanda ngazi hushuka. Funksheni imechukua kumbukumbu, imefunga kufuli (la kuzuia wengine wasiguse data ileile kwa wakati mmoja), imeshika bafa (kumbukumbu ya kushikia data kwa muda). Ikikwama hapo, lazima iviachie vyote kinyumenyume, na goto ndiyo inayoipeleka kwenye daraja lake.

Lakini tangu 2023 keneli (kiini) ya Linux ina njia nyingine. Unatangaza kigeu (jina la kushikia thamani) pamoja na namna ya kukiachia, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) inamaliza yenyewe funksheni inapotoka. Mimi nasema tuhamie huko. Njia ya hitilafu haipitwi mpaka siku ya msiba. Ukikosea daraja moja, kufuli linabaki limefungwa na kila anayelisubiri kakwama.

Mjibu, Wete
Maalim, hapo nakupinga, na heshima yako. Goto naiona kwa macho. Hiyo nyingine imejificha, tena inaachia kwa kinyume cha mpangilio wa kutangaza, si wa kuchukua. Tangaza kigeu juu kikiwa kitupu, kama tulivyozoea, kisha funga kufuli, kisha ndiyo ukijaze. Wakati wa kutoka kufuli linafunguka kwanza, na kile kitu kinaondolewa bila ulinzi. Kosa hilo utalionaje?

Mjibu, Darajani
Nyie mnagombania ngazi, mimi natengeneza kompyuta za watu. Ext4 ikikuta hitilafu unaweza kuiambia iendelee, ijigeuze ya kusomwa tu, au isimamishe mashine nzima. Mteja wangu umeme ulimkatikia, diski ikawa ya kusomwa tu, risiti hazitoki. Kanitukana wee! Ila hesabu zake zilipona. Kibaya ni hitilafu kupotea njiani: 2018 watu wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua fsync (agizo la kuhakikisha data imeandikwa diskini) ya kwanza inaweza kurudisha kosa, ukiirudia inajibu salama, na data haipo.

Mwenye mada
Ndugu wa Wete, umenibana. Dawa yake ni kutangaza na kujaza kwa mstari mmoja, lakini wanaosahau ni wengi, mimi mmojawapo. Basi funksheni mpya ziandikwe kwa njia mpya, za zamani zinazofanya kazi ziachwe, na njia mbili zisichanganywe ndani ya funksheni moja. Wenye keneli wenyewe hawataki zichanganywe. Ya fsync, kaka wa Darajani, ifungulie mada yake. Nitakuja.