Ni mnyama gani uliyemwona kwa karibu hujamsahau hadi leo? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Jana mwanangu kaniuliza kama simba ananuka. Nikacheka, maana jibu ninalo tangu darasa la pili. Mzee alinipeleka maonyesho ya Sabasaba, banda la Maliasili, foleni ndefu, jua kali. Kufika mbele, simba kalala katupa mgongo. Nikanuna. Mzee akanipandisha mabegani, na hapo bwana mkubwa akageuka, akapiga mwayo. Meno si meupe kama ya vitabuni, ni ya njano kama mahindi makavu. Halafu harufu ikatufikia: mkojo wa paka na nyama iliyolala. Ukubwani nimefika mbugani, simba nikaonyeshwa kwa mbali, masikio tu kwenye nyasi. Ninayemkumbuka ni yule wa Sabasaba. Leteni zenu.

Mtoto wa Unguja: Kwetu ni kobe wa kisiwa cha Changuu. Wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi. Sasa wapo wengi, na umri umeandikwa kwa rangi juu ya gamba. Nilimkuna mmoja shingoni. Akajiinua taratibu kwa miguu yote minne, shingo ikanyooka, macho kayafumba, kama babu anayenyolewa ndevu kibarazani. Nilipoacha, akabaki vivyo hivyo ananingojea. Wallahi niliona haya kuondoka.

Wa Lang'ata: Nyinyi hamjalambwa na twiga. Pale Giraffe Centre, Nairobi, unapanda jukwaa la mbao hadi mnatazamana uso kwa uso, unapewa punje za chakula kiganjani. Ulimi ni karibu nusu mita, mweusi wa zambarau, unakuzunguka vidole kama kamba iliyolowa. Lakini kilichonimaliza ni kope! Dada zangu wanaolipia za kubandika hawajafika hapo. Onyo: usimringie. Mimi nilifunga kiganja nimtanie, akanigonga bega kwa kichwa, punje zote chini.

Mzee Baridi: Mtaniwia radhi. Mimi nilimwona chui kizimbani, hatua sita kwenda, sita kurudi, saa nzima. Karibu nilikuwa karibu, raha sikuipata.

Mtoa mada: Mkuu, hilo lipo, na nafasi ya kizimba ndiyo kila kitu. Yule wa Sabasaba naye sijui mawazo yake yalikuwa wapi. Ila bila yeye, simba kwangu angebaki picha ya daftari.

Msukuma wa Ziwani: Kisiwa cha Saanane, Mwanza! Ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, siku hizi ni hifadhi ya taifa. Tulipelekwa na shule, boti dakika chache tu, wenzangu wote mbio kwa simba. Mimi nikabaki na pimbi waliokuwa wanaota jua juu ya mawe. Mwalimu akasema ndugu wa karibu wa huyu ni tembo. Darasa zima tukamzomea. Basi nikachuchumaa, mmoja akaniacha nisogee kama hatua mbili. Nikamwangalia miguu: kucha fupi, butu, bapa. Za tembo kabisa, ila ndogo kama punje za mchele.

Jamani, nauli ya ile boti sasa hivi ni shilingi ngapi? Jumamosi nina watoto watatu.