Yule dada anayemimina maziwa anapika nini?

Binti wa Kongwa: Wadau, saluni moja hapa Majengo ina kalenda yenye picha iliyochorwa na Vermeer, mchoraji Mholanzi, miaka ya 1650 mwishoni. Mtumishi kakunja mikono ya gauni, anamimina maziwa chunguni. Mezani mikate vipandevipande. Mapishi gani haya?

Babu Mpwapwa: Mjukuu wangu, wengi hudhani ni mkate mkavu unalainishwa kwa maziwa. Hakitupwi kitu, kama kiporo cha ugali wa uwele.

Fundi Rangi: Mi macho yameganda kwenye ukuta wa pichani! Msumari mmoja na matundu ya iliyong'olewa, utadhani chumba changu cha kupanga. Na kile kiboksi sakafuni kinawekwa makaa, kupashia miguu. Julai hii ya Dodoma nakitaka.

Binti wa Kongwa: Loh! Nilidhani mtego wa panya.