Kaka yetu mkubwa hasikilizi mtu na maneno yake yanauma. Niongee naye vipi?

Binti wa Tatu

Habari zenu jamani. Naomba mawazo, maana nimefika mahali sijui niseme nini tena.

Tumezaliwa watano. Mama amezeeka, ana presha, na tunapokezana kumhudumia. Kila Jumapili jioni tunapigiana simu wote kwa pamoja kupanga wiki: nani atampeleka kliniki, nani atalala naye, dawa zimebaki kiasi gani. Sasa hayo mazungumzo yamekuwa mzigo. Kaka yetu wa kwanza hakubali wazo ambalo halikutoka kwake. Hujamaliza hata sentensi, ameshakukata: "Hilo haliwezekani." Ukijaribu kueleza, utasikia: "Wewe unajua nini?"

Juzi mdogo wetu wa mwisho alipendekeza dawa za mama tuzipange kwenye kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba, kwa sababu alimkuta mama ameshakunywa za asubuhi na anazinywa tena. Kaka akamjibu mbele yetu wote: "Wewe hata maisha yako hujayapanga, utapanga dawa za mama?" Mtoto wa watu akanyamaza. Tangu siku hiyo akiingia kwenye simu anasalimia, basi. Na kiboksi hakijanunuliwa.

Msinielewe vibaya, kaka si mtu mbaya. Baba alipofariki ni yeye aliyetulipia ada, na mama akilazwa ni yeye anayekesha hospitalini. Tena ni mkubwa wetu, siwezi kumkemea. Lakini naona tunavyoanza kumkwepa, na anayeumia ni mama.

Kuna namna ya kuongea na mtu kama huyu akafungua masikio, bila ugomvi na bila sisi kuendelea kumeza? Naomba kitu ninachoweza kukifanya Jumapili hii. Kumwombea tunamwombea tayari.

Sipindishi

Pole dada. Mimi ningemwambia palepale, mbele ya wote, kwamba alichosema ni dharau. Akiendelea, mkate simu wote kwa pamoja. Mtu anayeumiza wenzake hadharani na asahihishwe hadharani. Mkizidi kumbembeleza ataona ni haki yake.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Sipindishi, hasira yako naielewa, na ni kweli lile neno halifai kupita hivihivi. Ila mkimkatia simu ataondoka na jambo moja tu kichwani: wadogo zangu wamenivunjia heshima. Dawa za mama zitabaki zilivyo.

Kabla ya mengine, dada: mama kunywa dawa ya presha mara mbili si jambo la kusubiri Jumapili. Mwelezeni daktari wake, na kuanzia leo awepo mtu mmoja anayempa dawa mkononi. Kuhusu kiboksi, muulizeni mfamasia kwanza, kwa sababu zipo dawa ambazo hazifai kutolewa kwenye pakiti yake kabla ya wakati wa kunywa. Huenda kaka yako ana hoja ndani ya ule ukali, na itakusaidia ukienda kwake ukiwa umekubali moyoni kwamba inawezekana.

Mimi nasimamia wodi. Usalama wa mgonjwa kwetu unategemea mdogo aweze kumwambia mkubwa, "Samahani, dozi hii naona haiko sawa." Ndiyo maana maneno makali siyachukulii kama suala la adabu peke yake. Mwaka 2015 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika Israel kwa timu 24 za wodi za watoto wachanga. Walipewa zoezi la kumhudumia mtoto anayezidiwa ghafla. Timu nyingine zilipewa maneno ya kawaida, nyingine zikabezwa kidogo na mtaalamu mgeni. Hakutukana mtu, aliwashusha tu. Waliobezwa walifanya vibaya zaidi katika kutambua tatizo na katika matibabu yenyewe, na sehemu ya sababu ni kwamba walipunguza kupashana habari na kuombana msaada. Nikisoma habari ya mdogo wenu namwona humo humo. Yeye ndiye aliyeona mama anarudia dawa. Kesho akiona jingine, atalisema?

Sasa ufanyeje. Akikwambia "wewe unajua nini", usianze kumhesabia unayoyajua. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipendekeza kanuni ambayo mimi naiona ngumu kuliko inavyosikika: usitoe maoni yako mpaka umerudia ya mwenzako, na yeye mwenyewe akiri kwamba ndicho alichomaanisha. Kwa hiyo unasema, "Kaka, nikikuelewa vizuri, unaona kiboksi kitamchanganya mama kwa sababu ameshazoea pakiti zake. Ndivyo?" Halafu unanyamaza. Usiunganishe "lakini". Akisema sivyo, mwache arekebishe, na urudie tena ulivyomsikia. Mara nyingi hapo ndipo linapotoka lile analoliogopa. Mtu aliyebeba familia tangu baba alipoondoka anaweza kulisikia kila pendekezo jipya kama "umeshindwa". Sisemi ndivyo alivyo kaka yako, wewe ndiye unayemjua. Nasema mpe nafasi alitaje mwenyewe.

Jambo jingine, punguza kumuuliza "kwa nini hutaki?" Ukimuuliza sababu atakupa sababu, na kila anayoitaja itamkaza zaidi. Muulize itakavyokuwa. Mwaka 2013 Philip Fernbach na wenzake huko Marekani waliwauliza watu kuhusu sera walizozishikilia kwa nguvu. Walioambiwa waeleze hatua kwa hatua sera hiyo ingefanyaje kazi walipunguza uhakika na msimamo wao ukalegea. Walioambiwa wataje sababu za kuiunga mkono au kuipinga hawakulegea hivyo. Kwenu inakuwa hivi: "Tukiendelea na pakiti, atakayefika kwa mama Jumanne asubuhi atajuaje kama ameshakunywa?" Uliza kwa kutaka kujua. Ukiuliza kwa sauti ya kumtega ataisikia, tena kwenye simu ndiyo inasikika zaidi.

Na lile neno alilomwambia mdogo wenu, usiliache. Mpigie kaka peke yake, siku nyingine kabisa. Mwambie alichosema kama alivyokisema, bila kukipa jina. Ukisema "una dharau" mtabishana kama ni dharau au si dharau mpaka usiku. Ukisema "Jumapili ulimwambia mdogo wetu hata maisha yake hajayapanga", hapo hakuna cha kubisha. Kisha useme linakugusa vipi, unahitaji nini, na unamwomba afanye nini. Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, alifundisha mpangilio huo kwa miaka mingi, na mimi nautumia na madaktari wanaonizidi cheo. Ombi liwe dogo na linalotendeka. "Badilika" si ombi. "Mpigie umuulize aliona nini asubuhi ile" ni ombi.

Binti wa Tatu

Asante sana, dada muuguzi (au ni kaka? samahani). Nimeshaongea na kliniki leo, mama aende kesho kupimwa, na mdogo wangu ndiye atakayempeleka. Nina hofu moja. Kaka hatanisubiri nimalize hiyo "nikikuelewa vizuri". Atanikata katikati. Na je, akimrukia tena mdogo wetu wote wakisikia? Nikae kimya nimsubiri siku nyingine?

Baba wa Mapacha

Hapana, usikae kimya. Upole hauna maana ya kumwachia mtu aumize wengine. Mimi kazi yangu ni kusuluhisha watu kazini, na hapa ningeongeza mambo ya utaratibu, kwa sababu nyinyi mnajaribu kumbadilisha mtu ndani ya kikao ambacho chenyewe kinamsaidia akate wenzake.

Mwombeni kaka awe wa mwisho kusema. Liombeni kama heshima, na ni heshima kweli: mkubwa anasikia yote kisha ndiye anafunga. Mdogo kabisa aanze. Sheria ya kale ya Wayahudi ilitaka hivyohivyo kwenye kesi za hukumu ya kifo, waamuzi wadogo watangulie kutoa maoni, maana mkubwa akishasema, mdogo atasema nini? Nimeona vikao vilivyokuwa vimekufa vikifufuka kwa kugeuza tu zamu.

Akikukata, mwambie taratibu, "Kaka, namalizia hili moja, kisha nakusikiliza." Malizia kwa ufupi, na kweli umsikilize. Ukiahidi kumsikiliza ukaendelea kuongea, mara ya pili hatakuamini. Akimrukia mdogo wenu, sema papo hapo, kwa sauti ileile uliyokuwa nayo: "Kaka, hilo litamuumiza. Naomba turudi kwenye dawa." Usihutubie. Hapa nakubaliana na Sipindishi nusu: lililosemwa mbele ya watu lizuiwe mbele ya watu. Lakini kulizuia ni jambo moja na kumwadhibu ni jingine.

Sauti zikipanda, ahirisheni. John Gottman, ambaye amechunguza ugomvi wa wanandoa kwa miongo kadhaa, anaeleza kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 hivi kwa dakika, mtu hasikii tena vizuri anachoambiwa hata akitaka, na anashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20. Basi semeni, "Tupumzike nusu saa, saa mbili na nusu tupigiane tena." Mtaje saa. Ukisema "tutaongea baadaye" bila saa, aliyekasirika anaona amesusiwa. Na wakati huo wa mapumziko msipigiane nyinyi wanne kumjadili. Hilo akija kulijua, na atalijua, mtaanza upya.

Sipindishi

Hilo la mdogo kuanza nimelikubali. Ila dada, naomba na wewe uwe na kikomo. Ukifanya haya yote kwa moyo na bado anawatweza, una haki ya kupanga mambo ya mama na wanaosikilizana, yeye ukampa taarifa tu. Si kila mtu atafunguka.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Kweli kabisa. Na Binti, mimi ni dada, usijali.

Binti wa Tatu

Nimekusikia, Sipindishi. Bado sijafika huko, yule ni kaka yangu na nataka nimjaribu kwanza kwa njia hii. Nitampigia Alhamisi. Nimeandika nitakachosema, naomba mnisaidie kukiangalia:

"Kaka, shikamoo. Nashukuru ulivyokesha na mama wiki ile. Nina jambo linanisumbua. Jumapili ulimwambia mdogo wetu hata maisha yake hajayapanga. Siku zote ukisema hivyo ananyamaza. Mimi naogopa ataona kitu kwa mama asiseme. Naomba umpigie umuulize aliona nini, halafu Jumapili tuanze na yeye na wewe utufungie."

Muuguzi Zamu ya Usiku

Iko vizuri. Toa "siku zote". Atakutafutia siku moja ambayo hakusema hivyo, na mazungumzo yataishia hapo. Weka "tangu siku hiyo amenyamaza", kwa sababu ndicho ulichokiona. Shukrani ya kukesha iache kama ni ya kweli, ila usiirukie haraka ukaingia kwenye lawama. Mwache ajibu kwanza, pengine ana la kusema kuhusu usiku ule. Maombi ni mawili, na mawili kwa simu moja ni mengi. La kumpigia mdogo wenu lianze Alhamisi, la zamu mtumie ujumbe Jumamosi. Na akipokea tu, muulize kama ana nafasi ya kuongea. Akisema hana, muulize saa ngapi atakuwa nayo.