Carina Ti inakata pumzi asubuhi, ikipata moto inakuwa mpya. Fundi anataka kufungua injini, nifanyeje?

NgaramtoniBaridi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela nyingine.

Nina Toyota Carina Ti ya 1999, injini 5A, automatiki. Nakaa Ngaramtoni, na mnaojua Arusha mnaijua Julai yetu. Saa 12 asubuhi nikipiga starti inawaka mara moja. Baada ya sekunde kumi hivi silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, mshale wa mizunguko unagusa 500, gari yote inatetemeka. Juzi niliweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, kikacheza chenyewe mpaka ukingoni. Nikiingiza D inazima. Nikikanyaga mafuta polepole inavuta, nikikanyaga ghafla inakata pumzi na kupiga chafya huko mbele, puh, ndipo inaondoka.

Nikifika Sakina, njiani kwenda mjini, imetulia, huwezi kuamini ndiyo ileile. Mchana hata niizime na kuiwasha mara kumi haina neno.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne na eafilta. Wa pili akabadilisha pampu ya mafuta, 180,000 pamoja na ufundi. Hakuna mabadiliko. Wa tatu anasema vavu zimechoka, tufungue injini, niandae laki saba. Taa ya injini haiwaki, kwa hiyo anasema hata tukipima kwa mashine haitaona kitu. Watoto wanatakiwa shule mapema na kila siku tunachelewa.

Mzee wa Probox:
Uza hiyo, ongeza hela kidogo, chukua IST. Ti imekusindikiza vya kutosha.

KiboshoJuu:
Pole mkuu. Ni huo mwinuko. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, gari za zamani zinapata shida. Mimi yangu ikilala Moshi mjini iko vizuri, ikilala Kibosho inalalamika. Pia angalia unajaza sheli gani, maji kwenye petroli yanasumbua sana asubuhi.

SpanaKumi:
KiboshoJuu, mwinuko hauhami. Kama ni hewa nyepesi, ingemsumbua saa saba mchana pia, maana anarudi Ngaramtoni ileile. Gari yako ikilala Kibosho inalalamika kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya mlima. Na petroli yenye maji haisubiri Sakina ndipo itulie.

Mwenye uzi, usifungue injini. Vavu iliyoungua inamisi (silinda inaruka bila kuchoma) hata injini ikiwa ya moto. Yako inapona yenyewe kila siku, kwa hiyo tuulize: injini ya baridi inahitaji nini ambacho ya moto haihitaji? Petroli ya ziada na hewa ya ziada, basi. Petroli kwenye chuma cha baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inanata kwenye kuta za manifodi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, haifiki kwenye silinda. Ndiyo maana kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaongeza dozi asubuhi na kupandisha silensa, kisha inapunguza taratibu kadiri maji yanavyopata moto.

Sasa kontroli boksi haina ngozi ya kuhisi baridi. Inaambiwa na sensa ya joto la maji. Hiyo chafya unayoisikia mbele ni dalili ya mchanganyiko wenye petroli kidogo. Nashuku injini inadanganywa kwamba tayari ni ya moto.

Nijibu haya: ikiwaka tu, mshale wa mizunguko unapanda mpaka ngapi? Ndani ya rejeta kuna kulanti (dawa ya kupoza injini) au maji? Na thamostati, ile vavu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, ipo, au kuna fundi aliitoa?

NgaramtoniBaridi:
Asante sana mkuu. Na mimi ni mama, si kaka, ila mkuu pia napokea 😂

Mshale unapanda kama 900 tu kisha unaporomoka. Rejeta naweka maji ya bomba. Thamostati ilitolewa mwaka juzi, fundi akasema nchi za joto haina kazi. Mshale wa joto huwa hauinuki vizuri mpaka nikaribie Sakina.

SpanaKumi:
Samahani dada. Nchi za joto! Huyo fundi alikuwa anafikiria Dar, hakufikiria Ngaramtoni mwezi wa saba. Bila thamostati maji yanazunguka rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini inachelewa kupata moto, na shida yako ya dakika tano inakuwa ya dakika ishirini.

Na maji ya bomba, maji yetu haya yanayotia meno ya watoto rangi, wewe unayapeleka kwenye injini. Yanaleta kutu na magamba, na sensa inakaa humohumo.

Fanya hivi kesho kabla hujapiga starti. Fungua boneti, upande wa disbuta (kigawa moto wa plagi) kwenye kichwa cha injini utaona sensa mbili zimeingia kwenye njia ya maji. Yenye waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi, achana nayo. Yenye waya mbili, mara nyingi soketi yake ni ya kijani, ndiyo tunayoitafuta. Chomoa soketi, pima sensa yenyewe kwa mita kwenye om, kipimo cha ukinzani wa umeme. Nyuzi 20 inatakiwa isome kati ya kilo-om 2 na 3, baridi ikizidi namba inapanda. Nyuzi 80 inasoma kama om 200 hadi 400.

Mzee wa Probox:
Si achomoe tu awashe aone kama inabadilika?

SpanaKumi:
Haitamsaidia. Toyota ikikosa sensa hiyo inachukulia maji yako nyuzi 80 na kuwasha taa. Atapata ugonjwa uleule.

NgaramtoniBaridi:
Nimerudi. Nimeazima mita kwa kijana wa redio hapa jirani. Saa 11 na nusu, giza, mume wangu anashika tochi huku ananung'unika. Sensa imesoma om 340. Tumerudia mara tatu. Vioo vya gari vina umande na yenyewe inadai injini inachemka!

SpanaKumi:
Ndiyo huyo mchawi. Na ndiyo sababu taa haiwaki: kontroli boksi inalalamika waya ukikatika au ukigusana. Om 340 ni jibu halali kabisa, ila ni la saa sita mchana.

Kabla hujanunua, thibitisha. Kijana huyohuyo wa redio akupe rezista ya kilo-om 2.2, haifiki hata bei ya soda. Ichomeke kwenye matundu mawili ya soketi, itaiga sensa nzima ikiwa ya baridi, washa. Ukishaona jibu, zima na uitoe, usiendeshe nayo, injini ikipata moto itakunywa petroli kama ng'ombe mtoni.

KiboshoJuu:
Nimekaa hapa nasubiri jibu kama vile gari ni yangu.

NgaramtoniBaridi:
Jamani. Nimechomeka rezista, gari imewaka, ikapanda 1,400, ikakaa hapohapo. Nikaingiza D, haikuzima. Mume wangu kazima tochi akaingia ndani bila kusema neno, hela ya pampu ni yeye aliitoa.

Nimepata sensa ya kukata, yaani iliyokwisha tumika, 25,000. Tumeipima kwanza palepale dukani, imesoma kilo-om 2.3, muuzaji ananitazama kama mwendawazimu. Thamostati mpya nimechukua pia, na kulanti. Fundi aliyeifunga alibisha nusu saa kuhusu hiyo thamostati, nikamwambia funga tu.

Leo asubuhi imewaka 1,500 na mshale ukawa unashuka wenyewe taratibu. Joto limeinuka kabla sijatoka Ngaramtoni. Kimebaki kitu kimoja: ikishapata moto silensa inapandashuka kidogo, 700, 900, 700.

SpanaKumi:
Mfumo wa maji ukifunguliwa hewa inabaki ndani. Injini ikipoa kabisa fungua mfuniko wa rejeta, washa na hita ikiwa kwenye moto, ongeza kulanti mpaka mapovu yaishe. Ikiendelea, safisha vavu ya silensa chini ya throtoli (mlango wa hewa ya injini), maji yaleyale ya bomba yamepita humo pia.

KiboshoJuu:
SpanaKumi, nikikuelezea Noah yangu inayonuka petroli asubuhi, nifungue uzi mwingine au niendelee hapa?